Kipimo cha kingamwili za kisukari: nimelipia kelele za mtaa

Nyota tatu kati ya tano. Na katika hizo tatu, mbili ni za yule kijana aliyemtoa mwanangu damu, kwa sababu alipata mshipa mara moja na mtoto hakulia. Ile moja iliyobaki ni ya karatasi ya majibu, ambayo niliilipia sawa na kodi ya miezi miwili ya kibanda changu, halafu nikaja kuielewa nikiwa kwenye benchi la kliniki nyingine kabisa, bila kutoa hata senti.

Naandika kwa sababu kabla ya kwenda nilitafuta mzazi aliyekwisha kupima aniambie ukweli, sikumpata. Nilikuta matangazo tu, watoto wanacheka, mama kavaa miwani.

Mimi ni fundi cherehani, niko Mbagala. Nashona sare za shule, na msimu wa harusi nashona madera. Kwenye kibanda nina friji dogo, nauza soda na barafu za ukwaju kuongeza kipato. Hilo friji likumbukeni, maana ndilo lililonifikisha maabara.

Abduli, mwanangu wa kwanza, ana miaka 11. Mwaka jana alianza kukojoa kitandani, mtoto mkubwa, tukamgombeza. Anakunywa maji anamaliza jagi, anarudi kwenye ndoo. Kaptula za shule nilizomshonea mwenyewe nikawa nazipunguza kiuno, nazipunguza tena. Dispensari ya kwanza wakasema malaria. Ya pili wakasema mkojo mchafu, wakatupa vidonge. Siku ya tatu anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepandisha mlima na gunia, na pumzi yake inanuka maembe yaliyopitiliza kuiva. Tukakimbilia hospitali kubwa. Daktari wa zamu akamtoboa kidole, mashine ikaandika HI. Mimi nikadhani inasalimia. Kumbe sukari imepita pale mashine inapoweza kusoma, yaani zaidi ya 33.

Tukalazwa siku sita. Tulipotoka tulikuwa na insulini, sindano, daftari la kuandika sukari, na mama mkwe amekwisha fika kutoka Kilwa na hukumu yake mkononi: "Ni zile soda."

Hakusema kwa ubaya. Aliisema akiwa anamenya vitunguu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini ile kauli ilinikaa. Kila nikifungua lile friji kumpa mteja chupa, naisikia. Madaktari walikuwa wameniambia wodini kwamba kisukari aina ya kwanza hakiletwi na kula sukari, kwamba ni kinga ya mwili yenyewe iliyogeuka. Nilimwambia mama mkwe hivyohivyo. Akanitazama jinsi wanavyotazamwa wanaotetea kesi yao wenyewe.

Basi nikataka karatasi. Mzazi mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp akasema kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama kinga ndiyo iliyoshambulia kongosho. Nikaona hiyo ndiyo hati yangu ya mahakamani.

Sasa huduma yenyewe.

Maabara ni ya binafsi, ipo mjini, siitaji jina. Nilipiga simu, dada wa mapokezi akajibu vizuri, akanitajia bei, akaniambia: "Mlete asubuhi, asile kitu." Nikauliza mara mbili, asile kabisa? Asile. Bima yetu haikukigusa kipimo hicho, kwa hiyo nikauza kitambaa cha kitenge nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya sikukuu.

Tukatoka Rangi Tatu saa kumi na mbili. Mtoto ana insulini ya usiku mwilini na hana kitu tumboni. Pale Mtoni foleni haisogei, daladala imejaa, Abduli ananiambia "Mama, miguu haina nguvu." Namgusa shingo, jasho la baridi. Nampima palepale watu wametukalia mabegani: 3.1, sukari imeshuka. Nikampa juisi ya pakiti na biskuti mbili ambazo siku hizi hazitoki kwenye mkoba wangu, na nikawa nasema moyoni, hela imekwenda, kafungulia.

Tumefika, namweleza yule kijana wa maabara kwa aibu kwamba mtoto amekula. Akacheka. "Mama, kwa kipimo hiki hata angekula pilau na mbuzi. Kingamwili hazijali chakula." Kwa hiyo mwanangu nusura anizimikie ndani ya daladala kwa sababu mtu wa mapokezi anasoma sharti moja kwa wateja wote. Hapo ndipo nyota ya kwanza ilipoanguka. Mzazi mwenzangu, ukiambiwa mtoto wa insulini asile, muulize mtu anayeshika sindano, usimwulize anayeshika simu.

Waliniahidi majibu ndani ya siku kumi, maana damu inasafirishwa Afrika Kusini. Yalikuja siku ya 19, kwa WhatsApp, usiku. Mistari minne, kila mmoja na jina la kitu cha kwenye kongosho ambacho kingamwili zimekilenga. Kingamwili dhidi ya GAD: chanya, juu sana. Dhidi ya IA-2: hasi. Dhidi ya ZnT8: hasi. Dhidi ya insulini: chanya. Chini wameandika: "Tafadhali onana na daktari wako." Basi. Hakuna simu, hakuna mtu wa kueleza. Kwa bei ile hata fundi wa redio hukueleza kilichoungua.

Nikaibeba hiyo karatasi mpaka kliniki ya watoto wenye kisukari tunakohudhuria, ya serikali, ambako insulini na stripu za kupimia sukari tunapewa bure kupitia mpango wa watoto. Pale kuna sista mmoja mtu mzima, wazazi tumembatiza Bibi Sindano. Alivaa miwani, akasoma, akageuza boksi tupu la insulini akachukua kalamu.

"Mama Abduli, umewahi kuona mtu anaitiwa mwizi?"

Nani wa Mbagala hajaona.

"Yule wa kwanza anayepiga kelele, siku zote amemwona mwizi kweli?"

Nikamwambia siku nyingine ni mtu anakimbilia gari.

"Na wanaokuja na mawe, wanauliza?"

Hawaulizi.

Akachora duara kubwa, kongosho. Ndani yake vidoti vidogovidogo, akasema hivyo ni visiwa, vimepewa jina la Langerhans, na ndani ya visiwa ndimo zinamokaa seli beta, hizo peke yake ndizo zinazotengeneza insulini. Halafu akaanza kuleta watu mtaani. Wa kwanza ni chembe ambazo kazi yao ni kupita kila pembe ya mwili kuokota vipande na kwenda kuvionyesha kwenye tezi: "Nimekuta hiki, mnakijua?" Zinaitwa seli za dendriti. Sista aliziita wambea, na akaongeza kwamba bila wambea hao tungekufa na kidonda cha kidole. Siku moja zinaokota kipande cha seli beta, zinakionyesha, na badala ya kuambiwa "huyo ni mwenzetu," inatokea seli T inayosema "mwizi."

Zipo seli T za namna mbili hapo. Kuna wasaidizi, hao wenyewe hawapigi, wanakusanya watu. Vitabuni zinaandikwa CD4. Na kuna wauaji, CD8, hao ndio wanaoingia hadi kisiwani, wanaigusa seli beta moja baada ya nyingine na kuitoboa. Hawana haraka. Kazi hiyo huchukua miezi, mara nyingi miaka, mtoto anacheza mpira, mama anauza barafu, hakuna anayejua. Unapoona kiu na mkojo, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha.

Nikamwuliza, hao polisi wako wapi? Maana mtaani walau siku nyingine mjumbe wa nyumba kumi hutokea akasema jamani mwacheni. Sista akapiga meza. Alikuwa analisubiri swali hilo. Mjumbe yupo, akasema, nazo ni seli T, ila za kudhibiti. Kazi yao kutuliza zile nyingine. Na kabla ya mjumbe kuna shule: nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inaitwa thaimasi, humo seli T zote hupitishwa mtihani, zile zinazotaka kupiga vitu vya nyumbani huondolewa. Lakini hakuna mtihani usiopitisha mtu. Wachache hutoroka kwa kila mmoja wetu, hata wewe, hata mimi. Kwa watu wengi mjumbe anawamudu. Kwa Abduli hakuwamudu.

"Sasa karatasi yako," akasema, "haina hata mmoja wa hao."

Hapo ndipo nilipokaa sawasawa.

Kingamwili hutengenezwa na kundi jingine, seli B. Katika ule mkasa wa mwizi, seli B ndizo zinazobandika mabango yenye jina na picha ya mtuhumiwa. Mabango yakiwa mengi unajua kuna vurugu mtaa ule. Lakini bango halimpigi mtu jiwe. Nilikuwa nimelipa kodi ya miezi miwili kuhesabiwa mabango na kupimiwa kelele, wakati mimi nilidhani nanunua picha ya wenye mawe.

Nilirudi nyumbani nikawa nasoma kwenye simu usiku, cherehani imezimwa, na nikakuta sista hakunipamba. Mwaka 1965 daktari wa Ubelgiji, Willy Gepts, alichunguza makongosho ya wagonjwa 22 waliofariki muda mfupi baada ya kuugua, na katika 15 akakuta chembe nyeupe zimejazana visiwani. Kingamwili zenyewe ziligunduliwa baadaye, 1974. Miaka ya 1980 huko Minnesota, Marekani, walichukua kipande cha kongosho la pacha mzima wakampandikizia pacha mwenzake mwenye kisukari, wale wa kufanana kabisa, kwa hiyo mwili haukuwa na sababu ya kukikataa kama kitu kigeni. Ndani ya wiki chache seli T zikamaliza seli beta za kile kipande kipya na zikaacha sehemu nyingine. Zilikuwa zinamkumbuka mwizi wao. Na mwaka 2001 ikaandikwa habari ya kijana wa miaka 14 aliyezaliwa bila seli B, yaani mwili wake hauwezi kubandika bango hata moja, na bado akapata kisukari aina ya kwanza. Kuna na hili ambalo mama yeyote atalielewa upesi: mwanamke mwenye ugonjwa huu humpitishia mtoto kingamwili zake akiwa tumboni, mtoto anazaliwa nazo, zinaisha baada ya miezi, na mtoto hapati kisukari kwa ajili yake.

Kwa hiyo kipimo hiki ni cha nini? Nisiwaonee. Mabango yakiwepo, vurugu ilikuwepo. Hilo ni la maana, na GAD ya Abduli ilikuwa juu kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na shaka tena. Kwa mtu mzima ambaye madaktari hawajui kama ana aina ya kwanza au ya pili, karatasi hii inaweza kumbadilishia dawa. Kwa mtoto wa miaka 11 aliyeingia hospitali HI, amekonda, anapumua vile, karatasi haikubadilisha hata yuniti moja ya dozi yake. Sista aliniambia wazi: "Ungeniuliza kabla, ningekwambia nunua stripu."

Na sasa malalamiko yangu makubwa, makubwa kuliko ya kufunga na kuliko ya siku 19. Ule mstari wa nne, kingamwili dhidi ya insulini. Mtu akishaanza kuchomwa sindano za insulini, baada ya wiki mbili hivi mwili wake huweza kutengeneza kingamwili dhidi ya hiyo insulini ya chupa. Baada ya hapo kipimo hakiwezi kutofautisha za ugonjwa na za sindano. Abduli alikuwa na miezi saba ya sindano. Mstari ule ulikuwa hauna maana kabla damu haijatoka mkononi, na kwenye fomu yao nilijaza kwa mwandiko wangu: anatumia insulini, tangu lini. Waliisoma fomu wakachukua hela ya mistari minne. Ukija kwangu na kitambaa cha mita mbili ukataka dera, nitakwambia hakitoshi. Sikati halafu nikasema onana na fundi wako. Hapo nyota ya pili ikaenda.

Jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi, na ndilo lililonifanya niandike kirefu hivi. Pale kliniki kuna mama ana binti wa miaka 14. Naye alipima, sijui wapi. Majibu yake yalitoka hasi, yote manne. Akafurahi, na nani asingefurahi. Akasema kumbe mtoto hana ile ya kinga, basi ni sukari ya kawaida, akaanza kupunguza sindano na kuongeza mizizi ya kuchemsha. Binti akarudi wodini na dripu.

Kumbe kwetu Afrika majibu hasi ni mengi. Mwaka 2025 ulitoka utafiti uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini, watoto na vijana karibu 900 walioambiwa wana kisukari aina ya kwanza, na takribani 65 katika kila 100 hawakuwa na kingamwili zozote kati ya hizo za kawaida. Kinga haionekani kuwa ndiyo iliyowaharibia, na bado kongosho zao hazitoi insulini ya kutosha. Wanahitaji sindano vilevile. Nilimsomea sista habari hiyo kutoka kwenye simu, akasema wao wamekuwa wakiona kwa macho miaka mingi kwamba wapo watoto ambao hadithi ya mwizi haiwafai, ila vitabu vimeandikwa kwa damu za Wazungu. Akakunja lile boksi alilochora akalitia mfukoni, akasema huyo binti atamchorea picha nyingine, akiipata.

Maabara inayouza kipimo hiki Dar es Salaam ingepaswa kuandika hilo kwa herufi kubwa juu ya karatasi: HASI HAIMAANISHI UACHE INSULINI. Wino wake hauna gharama.

Nije kwa Nasra. Ni mdogo wake Abduli, ana miaka sita, na baada ya majibu ilikuwa kila akiomba maji mara ya pili namvizia chooni. Wiki iliyofuata maabara ikatuma ujumbe: punguzo kwa ndugu wa mgonjwa. Mikono ikaniwasha. Nikampelekea sista kwanza, safari hii nimejifunza.

Kwa ndugu, alisema, kipimo kina maana zaidi kuliko kwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mabango hutangulia mawe. Kwa hesabu za Ulaya na Marekani, ndugu wa tumbo moja hupata ugonjwa kama watano katika 100. Mtoto akikutwa na kingamwili za aina mbili au zaidi, hata kama sukari yake leo ni nzuri, saba kati ya kumi huugua ndani ya miaka kumi. Ya aina moja tu haina uzito huo, nyingine hupotea yenyewe. Italia mwaka 2023 walipitisha sheria ya kupima watoto nchi nzima, na faida kubwa ni kwamba mtoto aliyejulikana mapema hafiki hospitali anapumua kama alivyopumua Abduli. Ipo hata dawa, teplizumabu, inayoshika zile seli T zenyewe na kuzipunguza makali. Iliruhusiwa Marekani Novemba 2022, na kwenye majaribio iliahirisha ugonjwa kwa miaka miwili hivi. Niliuliza bei. Kwa dozi nzima ya siku 14, Marekani ilitoka na bei ya karibu dola 194,000. Tulicheka mimi na sista mpaka wagonjwa wakageuka.

Akanishauri hivi: ile hela ya punguzo nunua mashine ya akiba na stripu, Nasra akianza kiu au mkojo usio wa kawaida mtoboe kidole siku hiyohiyo, usisubiri malaria iishe. Mwaka jana hicho ndicho alichokosa Abduli. Sijampima Nasra kingamwili. Huenda nitampima. Maabara nimewajibu kwamba nitakuja wakiutoa ule mstari wa insulini kwenye bei ya watoto wanaochomwa, sio kwa ajili yangu tena, kwa ajili ya watakaonifuata. Mpaka leo tiki mbili za bluu.

Kwa hiyo kama una mtoto aliyegundulika karibuni, na dalili zake zilikuwa kama za wangu, usikimbilie. Kama daktari wako ana shaka na aina, nenda, lakini nenda mapema kabla sindano hazijazidi wiki mbili, na uulize pia kipimo kinachoitwa si-peptaidi, ambacho hupima insulini inayotoka bado kwenye kongosho lake. Hicho kingenisaidia miezi ile ya mwanzo, dozi za Abduli zilipopungua ghafla na majirani wakaanza kuleta ushuhuda wa uponyaji. Ilikuwa fungate tu. Wanaiita hivyo kliniki: seli beta chache zilizobaki zinapata nafuu kidogo, sukari inatulia, halafu wale wenye mawe wanarudi kumalizia. Ya kwetu ilidumu miezi minne. Mama mkwe alichinja kuku.

Ehe, mama mkwe. Nilikuwa nimesahau kwamba karatasi ilinunuliwa kwa ajili yake.

Nilimpa Ijumaa mchana, baada ya chakula. Akaishika mbali kidogo na macho, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti.

"Huyu Gadi ndiye nani?"

Nikamweleza yote, kwa mwizi na mabango na mjumbe, kama nilivyoelezwa, nikachora na mimi kwa chaki ya kitambaa juu ya meza ya kukatia. Alisikiliza mpaka mwisho. Watoto wakawa kimya. Halafu akauliza swali ambalo maabara ile haikuliuliza:

"Sasa yule wa kwanza aliyepiga kelele, alimwona nani?"

Nikamwambia hapo, mama, hata madaktari bado wanamtafuta. Wapo wanaoshuku virusi vya tumbo vinavyopita utotoni. Kuna na mambo ya kurithi.

Akaikunja karatasi mara nne. "Basi wakimpata mniambie," akasema. "Mpaka hapo hilo friji mimi silipendi."

Friji lipo. Naendelea kuuza, kodi hailipwi kwa huzuni. Ila rafu ya juu kuna soda moja imefungwa utepe mwekundu wa sketi ya shule, haiuzwi hata ukija na noti kubwa. Ni ya Abduli, sukari ikishuka. Aliyeifunga utepe ni bibi yake.